Mahudhurio ya Darasa la Nne B

Elina alimwita mtoto wake mara moja, akaitikiwa mara mbili.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya mapaa ya mtaa wa Somanda na bodaboda zinapishana kama kawaida. Yeye alikuwa barazani na cherehani yake, sare za shule zimemjaa mapajani, na alichotaka kilikuwa kitu kidogo tu: Sayi amletee mkasi.

"Sayi!"

"Bee!" mtoto akaitika kutoka uani. Na kabla Elina hajavuta pumzi, "bee" nyingine ikatoka chumbani nyuma ya pazia, nzito kidogo, ya mtu aliyechelewa kusikia jina lake.

Elina akacheka. Sayi alikuwa na miaka tisa na vituko vya watu watatu. Aliweza kuiga pikipiki ya baba yake inavyokataa kuwaka, na padri anavyokohoa kabla ya mahubiri. Lakini mtoto alitokea uani, mikono imejaa povu la sabuni, na chumbani hapakuwa na mtu.

"Nani kaitika huko ndani?"

"Mimi nilikuwa nafua, mama."

"Najua. Huko ndani kuna nani?"

Sayi akafunua pazia, akachungulia, akavuta hewa puani. "Hamna mtu. Ila kunanuka."

Elina akaingia mwenyewe. Kweli kulinuka: chaki, na chini ya chaki samadi mbichi ya ng'ombe. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya saruji na samadi haikuwahi kuvuka mlango ule, lakini harufu hiyo aliijua vizuri. Kila Ijumaa ya utoto wake, wasichana wa shule ya Mabati Mekundu walipiga magoti wakasiliba sakafu ya darasa kwa samadi na maji, ili Jumatatu vumbi lisiwale macho. Na Mabati Mekundu ilikuwa imebomolewa wiki moja tu iliyopita.

Jina hilo halikuwahi kuandikwa kwenye kibao. Watu waliiita hivyo kwa sababu ya paa lake, na hata rangi ilipoisha, jina lilibaki. Kuta zilipopasuka, watoto walihamishiwa majengo mapya ng'ambo ya barabara, na madarasa ya zamani yakabaki matupu mpaka katapila ilipokuja. Elina alikwenda kutazama, pamoja na wenzake wengi wa zamani. Watu walipiga picha kwa simu, wakakumbushana viboko, wakacheka kama walioko harusini. Lakini ukuta wa nyuma wa darasa la nne B ulipoanguka, Elina alisikia ndani ya vumbi mtu akivuta dawati. Madawati yalishaondolewa mwaka mzima kabla. Akatazama wenzake, akaona hakuna aliyesikia, naye akajifanya hakusikia.

Tuseme ukweli kuhusu Elina, maana yeye mwenyewe alikaa nao miaka thelathini bila kuusema.

Darasani alikaa dawati moja na Malimi Luhende, mvulana mwenye sauti ya kukwaruza utadhani mzee wa miaka sabini. Malimi alikuwa mchungaji kwanza, mwanafunzi baadaye. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, na ng'ombe hawajui ratiba ya vipindi. Mtoto asiyeitika jina lake asubuhi alichapwa fimbo sita siku aliyorudi. Elina alimwonea huruma, na tusimpambe sana, alipenda pia matunda ya furu aliyoletewa mfukoni. Kwa hiyo mwalimu Anatoli, ambaye hakuwahi kuinua macho kutoka kwenye daftari la mahudhurio, aliposoma "Malimi Luhende", Elina aliinama chini ya dawati, akakwaruza koo, akasema, "Nipo." Darasa zima lilijua na hakuna aliyechongea. Ndivyo watoto wa wafugaji walivyolindana, kila mmoja akijua kwamba wiki ijayo huenda ni zamu yake machungani.

Kiangazi cha mwaka ule Malimi alipelekwa pamoja na ng'ombe mpaka Kimali kutafuta majani. Elina akaitika wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne alipatwa na kikohozi, koo likafunga, na jina la Malimi liliposomwa alishindwa kutoa sauti, akafumba macho akingoja aibu.

"Nipo," sauti ya kukwaruza ikasema. Ilitoka pembeni yake, kwenye nafasi tupu ya dawati.

Mwalimu akatia alama, akaendelea na jina linalofuata. Mchana wa siku hiyo habari zikafika mjini: Malimi alizama katika lambo la kunyweshea ng'ombe, siku yake ya tatu tu huko Kimali, na alishazikwa hukohuko. Mwalimu akakata jina lake kwa wino mwekundu. Lakini tangu hapo, darasa la nne B likawa na "nipo" moja ya ziada. Mara chache, asubuhi ya baridi, majina yakiisha kuitwa, sauti ilitoka kona ya nyuma. Watoto wakaizoea, wakaifanyia mzaha, wakaiita "mwenzetu", na wadogo zao wakairithi. Haikumdhuru mtu. Ilikuwa na kona yake na ukuta wake, na sasa ukuta ule ulikuwa kifusi.

Siku ya pili sauti haikuchelewa tena. Elina alipoita, iliitika pamoja na Sayi, kwa mpigo mmoja. Siku ya tatu iliitika kabla yake, tena kwa sauti ya Sayi mwenyewe, ile "bee" yake ya kuvuta mwishoni, na mtoto aliposimama mlangoni kuitika ya kwake, mdomo ulifunguka lakini kilichotoka kilikuwa kidogo, cha mtu aliyeamka na homa. Jioni ile homa yenyewe ikaja. Hospitalini walipima malaria hawakuiona, wakapima mkojo hawakuona kitu, wakampa dawa ya kushusha joto na kumwambia mama anyweshe mtoto maji mengi.

Jumatano asubuhi Elina alimwacha Sayi kitandani na baba yake, akaenda shuleni kutoa taarifa kwa mwalimu wa darasa, mwalimu Jenifer, binti mchangamfu aliyemaliza chuo juzi.

"Sayi hatakuja leo, mwalimu. Anaumwa."

Jenifer akatabasamu kwa mashaka. "Mama Sayi, mbona yupo?"

"Yupo wapi?"

"Darasani. Nimeita majina saa mbili, ameitika." Akafungua daftari, akamwonyesha alama. "Tena ameitika kwa sauti kweli. Wenzake wakacheka."

Wakaenda pamoja mpaka mlango wa darasa. Nafasi ya Sayi kwenye dawati ilikuwa tupu. Watoto wawili waliokaa naye walikuwa wamebanana upande mmoja, mbali na nafasi ile, na Elina alipowauliza kwa nini, wakatazamana. Mmoja akajibu kwa kunong'ona kwamba pale palikuwa na baridi, na pananuka tope.

Elina alitoka pale akitembea, akafika barabarani akikimbia.

Constantine, mume wake, hakuwa mtu wa mambo haya. Alikuwa mwendesha bodaboda, aliyebeba wagonjwa, maiti, na mara moja mbuzi na mwenye mbuzi kwa safari moja, na alikuwa na jibu la kila kitu. "Uchovu, mama Sayi. Unashona mpaka macho yanaingiliana," alimwambia. Akatoka mchana ule kununua machungwa ya mgonjwa. Aliporudi, mtaa ulikuwa kimya kwa joto, naye akiwa bado juu ya pikipiki, bado ameshika usukani, akaita kwa furaha ya kujilazimisha, "Sayi! Baba kaja!" na jibu likatoka nyuma yake, juu ya kiti cha abiria, karibu na sikio lake kiasi kwamba pumzi yake aliihisi ndani ya kofia ngumu, "Bee, baba," na alipogeuka hapakuwa na mtu ila kiti kilikuwa kimelowa, na maji ya tope yalikuwa yakidondoka tone kwa tone juu ya ekzosi ya moto yakitoa mvuke.

Aliingia ndani akifunga mlango kwa mgongo. Machungwa aliyaacha yamesambaa nje.

"Mama Sayi," alisema, "tusimwite tena."

"Nani?"

"Mtoto. Tusilitaje jina lake."

Katekista alikuja, akasali, akanyunyiza maji ya baraka pembe nne za nyumba. Usiku ule mtoto alilala vizuri. Asubuhi hakuweza kusema kabisa. Alimtazama mama yake, midomo ikacheza, na machozi yakamtoka bila sauti. Elina alilia naye, kisha akafunga kitenge chake akamwambia mumewe ampeleke Ipililo, kwa Salu. Jirani mmoja akakaa na mtoto.

Salu alikuwa mfumu, mganga wa kike wa makamo, na walimkuta akipalilia pamba yake kama mkulima yeyote. Alifuta mikono, akakaa chini.

"Mwadila, mayu," Elina alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila. Mhola?"

Kila mtu wa kule huitikia kwamba ni mhola, salama, hata kama nyumba inaungua. Elina alishindwa. "Si mhola, mayu," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani akasimulia yote: dawati, furu, wiki tatu, "nipo". Constantine alimtazama mke wake kana kwamba anamjua leo.

Salu alisikiliza mpaka mwisho. "Malimi hana kosa," alisema. "Mwacheni apumzike. Hili ni jini. Majini yanapita juani kila siku, hayatujui, hatuyajui. Wewe ulilionyesha jina lisilo na mtu, ukaliambia liingie."

"Nilikuwa mtoto, mayu."

"Najua. Na lenyewe lilikuwa dogo. Sasa limekua."

Elina akauma kitenge chake. "Linamtakia nini mwanangu?"

"Halimchukii. Nyumba yake imevunjwa, linatafuta pa kukaa, na wewe ndiye mtu wa kwanza linalomjua. Kila mnapomwita mtoto likamtangulia kuitika, linasogea ndani, yeye anasogea nje. Sasa hasemi. Limebakiza kidogo sana."

"Nifanye nini? Niambie chochote. Nitafanya."

Salu akamweleza polepole, akimrudisha nyuma kila alipokosea. Kesho, saa mbili asubuhi, saa ya mahudhurio, asimame palepale lilipokuwa darasa. Awe na mtu wa darasa lile wa kuita majina yote, kwa mpangilio uleule. Aliyepo aseme yupo, asiyekuwepo Elina amsemee kwamba hayupo. Likiitwa jina la Malimi, jini litaitika kwa ile sauti ya kukwaruza, sauti aliyoliazima yeye. Papo hapo aseme "Hayupo", mara moja, kwa mdomo uleule uliosema "nipo".

"Ukilisema neno hilo, jini litaondoka wala halitarudi. Ukiondoka pale hujalisema, mtoto umempoteza. Na ukishalisema, neno hilo halirudishwi, mayu. Wewe mwenyewe hulirudishi, mimi silirudishi."

Aliyewakumbuka wenzao wote alikuwa Josia, fundi baiskeli, kiranja wa zamani wa nne B. Mwalimu alipochoka, yeye ndiye aliyeita. "Majina arobaini na mawili yote ninayo," alisema. "Wanangu mwenyewe nawachanganya, lakini hayo yamekwama." Alitaka kucheka, akaona uso wa Elina, akaacha.

Siku ya pili yake, Constantine alibaki nyumbani amempakata mtoto. Elina na Josia wakasimama juu ya matofali yaliyovunjika. Katapila ilikuwa imeegeshwa pembeni bila dereva. Ng'ambo ya barabara watoto walikuwa wakifagia uwanja wa shule mpya, na mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani alipita akawaamkia, "Mwangaluka!" nao wakashindwa hata kumwitikia, akaenda zake akinung'unika juu ya watu wasio na adabu.

Josia akaanza. "Elia Mayige."

"Hayupo."

"Elina Method."

"Nipo."

Majina mengine yakafuata, na kila asiyekuwepo Elina akamsemea.

"Hayupo."

Josia akafika kwenye jina lake, akaliita akajibu mwenyewe, kwa aibu kidogo, "Nipo."

Hapo harufu ikapanda kutoka kwenye kifusi, chaki kwanza, kisha samadi, kisha tope la lambo, zito, la mahali ng'ombe wanapokanyaga wakinywa, na pale chini ya miguu yao, ndani ya matofali ambamo hata panya asingepita, mbao zikaanza kukwaruza sakafu isiyokuwepo, dawati moja, halafu la pili, halafu mengi, darasa zima likikaa sawasawa kungoja kuitwa. Josia alifumba macho ili aweze kuendelea. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Malimi Luhende."

Elina alikuwa tayari. Neno lilikuwa mdomoni, alilala nalo, aliamka nalo, alichongoja ni ile sauti ya kukwaruza tu ili alitamke yaishe, lakini kimya kikaendelea, watoto ng'ambo ya barabara wakaendelea kufagia, fagio zao zikisikika moja moja, na ndipo ikaja, kutoka nyuma yake, hatua tatu tu, sauti nyembamba ya msichana wa miaka tisa ambayo hakuisikia tangu juzi na ambayo angeijua hata kama angekuwa amezikwa chini ya kifusi kile.

"Nipo, mama."

Hilo Salu hakulisema. Salu alisema sauti ya Malimi.

"Mama, nipo. Nipo hapa."

"Josia," Elina alinong'ona, "huyo ni Sayi."

"Siye. Siye, Elina. Mtoto si yuko kwa baba yake?" Josia alikuwa amemshika mkono mpaka kucha zinaingia. "Sema. Linasogea. Sema basi, nakuomba, mimi nina watoto!"

Alitaka kugeuka. Kila kitu ndani yake kilitaka kugeuka na kumbeba. Kama ni jini na asiposema, amempoteza mwanawe. Kama ni Sayi na akisema, amempoteza pia. Akamlilia Mungu, akamlilia Malimi, akamlaani mwalimu aliyekuwa na fimbo, na mwisho akashika kile alichofundishwa kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika.

"Hayupo," alisema Elina.

Madawati yakanyamaza. Harufu ikakatika, pakabaki vumbi na dizeli ya katapila. Josia akakaa chini, akacheka huku analia, akasema, "Limekwenda. Mama Sayi, limekwenda," na Elina akaamini, akamshika kichwa akamshukuru, kisha akakimbia kwenda kwake bila viatu, maana kimoja kilibaki kwenye kifusi na cha pili alikitupa njiani.

Constantine alikuwa mlangoni, macho mekundu, meno yote nje.

"Kapona!" alipiga kelele. "Mama Sayi, mtoto kapona!"

Elina alimwangukia kifuani. Alilia kwa furaha, alilia vibaya, bila kujali majirani.

"Ungesikia," Constantine alisema, akimpapasa mgongo. "Alikuwa kalala mikononi mwangu. Saa mbili na kitu, ghafla kakaa wima. Sauti ikarudi yote! Akapiga kelele, 'Nipo, mama! Mama, nipo! Nipo hapa!' Sauti yake kabisa, ile ya siku zote. Nikajua kashinda. Halafu akatulia, kimya, baridi kidogo, nikaogopa kweli. Kisha akafumbua macho, akasema ana njaa."

Elina aliacha kulia. Alijitoa mikononi mwa mumewe, akashika mwimo wa mlango, akatazama ndani.

Sayi alikuwa ameketi mkekani, amevaa gauni lake la kijani, bakuli la uji magotini. Uso haukuwa na homa. Alikunywa mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja, akainua macho. Sauti ilikuwa safi.

"Mama," akauliza, "mbona ulisema sipo?"

Constantine akacheka. "Bado anaota huyu."

Elina hakujua, na mpaka leo hajui, ni nani aliyemuuliza. Huenda mwanawe alimsikia, akiwa mikononi mwa baba yake, mama akimkana mbele ya shahidi. Huenda mwanawe ndiye aliyeondoka, na huyu ameingia mahali palipoachwa wazi, anauliza ili tu amwone atakavyojibu. Alimtazama machoni muda mrefu akitafuta alama, na mtoto naye akamtazama, bila hasira, akisubiri. Wote wawili wangekuwa na uso huohuo.

"Bado una njaa?" Elina aliuliza.

"Bado, mama."

Akaenda jikoni, akarudi na sufuria. Uji kidogo ukamwagika mkekani, lakini alimwongezea mpaka bakuli likajaa, akakaa mbele yake, akamtazama anavyokunywa.